Saa ya Mezani ya Kifaransa Inasimama Kila Mara? Namna ya Kuiweka, Kuisawazisha na Kuirekebisha

Maswali ni yale yale. "Nimeitia ufunguo, ikatembea dakika tatu ikazima." "Aliyeniuzia anasema imejazwa kupita kiasi." "Mshale uko kwenye nne, yenyewe inagonga tisa." Haya hapa majibu yake, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa aina moja tu: saa za Kifaransa za karne ya 19, zile za mapambo zilizotengenezwa kukaa juu ya meko au meza ya ukumbini. Kasha lake huwa la shaba iliyopakwa dhahabu, au jiwe jeusi, au lina sanamu ya mwanamke aliyeegemea kinubi. Ndani, karibu zote zina mashine ya namna moja: sahani mbili za mviringo za shaba ya njano, kamani mbili (springi zinazoipa saa nguvu), pendulamu fupi (kile kining'inio kinachobembea), na mgongo, yaani kugonga kengele, wa kila saa pamoja na pigo moja kila nusu saa. Saa za Kijerumani na za Kiingereza zinafanana nazo kwa mengi, lakini usizifungue kwa maelekezo haya.

Jambo la kuelewa kabla hujashika bisibisi: saa hizi zikisimama baada ya kuhamishwa, mara nyingi hazijaharibika. Zimekaa upande. Mashine inahitaji pendulamu ipige sawa kushoto na kulia, na kupinda kwa meza kidogo tu kunatosha kuizima. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni ya masikio.

Neno moja kuhusu saa zenyewe. Sisi tunasema saa moja wakati mshale uko kwenye VII, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wakisoma maelekezo. Humu tunataja namba za Kirumi zilizoandikwa usoni, basi. Tukisema XII, ni ile ya juu kabisa.

VITU VYA KUANDAA

Ufunguo wenye vichwa viwili: kikubwa cha kujazia, kidogo cha kurekebishia mwendo. Kama saa imekuja bila ufunguo, pima upana wa pini ya mraba iliyo ndani ya tundu kwa kipimo kinachosoma sehemu ya kumi ya milimita, ndipo ununue. Ufunguo uliolegea hula kona za pini, na pini iliyogeuka duara haikamatiki tena.

Pima maji fupi, ile ya mafundi seremala. Bisibisi bapa mbili, moja ya ukubwa wa kawaida na moja ndogo. Tochi. Brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Glavu nyembamba, kwa sababu jasho la vidole huacha alama kwenye dhahabu na kwenye shaba iliyosafishwa. Taulo nene la kulazia vitu. Vipande vya karatasi ngumu, au sarafu chache za unene mmoja. Simu yako, kwa ajili ya saa sahihi na kurekodi sauti.

Mafuta hayamo kwenye orodha, na si kwa kusahau. Tutafika.

IJUE SAA YAKO KWANZA

Fungua mlango wa mviringo ulio nyuma, umulike sahani. Jina lililoandikwa usoni mara nyingi ni la muuzaji wa Paris au wa mji mwingine. Aliyetengeneza mashine hugonga muhuri wake nyuma. Utakutana sana na Japy Frères, S. Marti na Vincenti. Muhuri wa duara wenye mwaka ni ukumbusho wa medali waliyopata kwenye maonyesho, kwa hiyo mwaka huo ni mpaka wa chini tu: muhuri wa 1900 unakwambia saa haikutengenezwa kabla ya 1900, haukwambii ilitengenezwa lini hasa.

Chini ya sahani utaona namba nyingine. Namba ndefu ni ya mashine. Kisha kuna tarakimu mbili zilizotengana, kwa mfano 4 na 5. Hizo ni urefu wa pendulamu kwa vipimo vya zamani vya Kifaransa: inchi 4 na mistari 5, ambapo inchi moja ya Kifaransa ni milimita 27 na inagawanywa mistari 12. Yaani kama milimita 120. Sasa igeuze pendulamu uangalie nyuma yake: ikiwa ni yake ya asili, mara nyingi utakuta imegongwa namba ile ile ya mashine au sehemu yake. Zisipolingana, iandike mahali. Saa ikija kukimbia au kuchelewa kwa robo saa kwa siku, sababu umeshaijua.

Angalia pia pendulamu inaning'inia kwa nini. Ikiwa ni uzi wa hariri, saa yako yaelekea ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ikiwa ni utepe mwembamba wa chuma ulioshikwa na kitufe cha shaba, na juu ya XII kuna tundu dogo la ufunguo, huo ni mtindo wa Brocot ulioenea kuanzia miaka ya 1840.

KAZI YENYEWE

1. Toa pendulamu kabla ya kuisogeza saa, hata kama unaihamisha kutoka meza hii kwenda ile. Ingiza mkono kwa nyuma, inua pendulamu kidogo juu, itatoka kwenye ndoano yake. Saa ikibebwa na pendulamu ndani, utepe ule mwembamba hukunjika au hukatika, na meno ya gurudumu la mapigo, lile linalotoa tik na tak, huumia. Uharibifu mwingi tunaouona haukufanywa na miaka mia moja na hamsini, umefanywa siku ya kununua, kwenye buti la gari.

2. Ibebe kwa kitako, mikono miwili chini. Usiishike kwa sanamu, mabawa wala kwa kishikio cha juu. Sanamu hufungwa kwa nati kutoka chini, na zile za madini ya zinki huvunjika shingoni kama biskuti. Saa ya jiwe jeusi huweza kupita kilo 10, tafuta mwenzako. Ikiwa pendulamu yako ina vichupa viwili vya kioo vyenye kimiminika kinachong'aa kama fedha, hiyo ni zebaki: ibebe ikiwa wima, usiilaze, na ukiona kimepasuka usifagie wala usiguse kwa mkono.

3. Chagua mahali pasipotikisika. Rafu nyembamba ya plaiwudi haifai, kwa sababu inayumba pamoja na pendulamu na kuinyonya nguvu. Juu ya friji au spika ni kujitafutia taabu. Dirisha linalopokea upepo wa bahari nalo uliepuke: chumvi na unyevu hula chuma cha kamani na cha utepe polepole, na hutauona ulaji huo mpaka siku inakatika. Weka pima maji mezani, kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Tia karatasi chini ya mguu wa meza kama inabidi.

4. Kagua utepe kwa tochi. Una vipande viwili vyembamba sambamba, navyo viwe vimenyooka. Kimoja kikiwa kimekunjika, pendulamu itacheza kama mkia wa samaki badala ya kwenda moja kwa moja, na hakuna marekebisho yatakayosaidia. Badilisha utepe kwa mwingine wa urefu, upana na unene ule ule. Kwa saa ya uzi, tumia hariri halisi. Uzi wa nailoni unavutika na kuteleza, nawe utarekebisha kila siku.

5. Ning'iniza pendulamu. Kijiti kinachoshuka kutoka kwenye utepe kinapita katikati ya uma, ule mkono mwembamba unaotoka kwenye mashine na kuisukuma pendulamu. Hakikisha kimo ndani ya uma, si nyuma yake. Kosa hili peke yake huzalisha malalamiko mengi ya "imezima". Kati ya uma na kijiti pawe na nafasi ya unene wa karatasi. Ikibana, saa itasimama. Ikilegea sana, itapoteza nguvu. Kisha mulika uone kama tufe la pendulamu haligusi kengele, waya wa mgongo wala ukuta wa kasha.

6. Tia ufunguo. Katika saa hizi tundu la kulia kwa kawaida ni la mwendo na la kushoto ni la mgongo. Nyingi hujazwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale, lakini si zote, kwa hiyo jaribu kwa upole; upande usiokubali usiulazimishe. Shika ukingo wa shaba wa uso kwa mkono mmoja ili saa isisogee, wala usiegemee uso wenyewe, maana ni enameli na hupasuka kama sahani ya kaure. Zungusha mpaka ufunguo ugome, kisha uurudishe taratibu hadi meno yaukamate, ndipo uuachie. Ukiuachia ghafla na kishikizo, kile kichuma kinachozuia ufunguo kurudi nyuma, kikawa kimechoka, utazunguka kwa nguvu za kamani nzima na kukupiga vidole.

Hapa tuondoe lile la "kujazwa kupita kiasi". Kamani iliyojaa ni kamani iliyojaa, haiizuii saa. Saa iliyojaa lakini haitembei mara nyingi ama imekaa upande, ama mafuta yake ya zamani yameganda kuwa kama gundi.

7. Isikilize. Vuta pendulamu pembeni sentimita moja au moja na nusu, iachie. Funga feni, zima redio. Unachotaka kusikia ni mapigo yaliyopangana sawa: tik, tak, tik, tak. Unachosikia mara nyingi ni tik-tak... tik-tak... tik-tak, kama mtu anayechechemea. Saa inayochechemea itatembea dakika tano, au nusu saa, halafu itazima hata ukiijaza kila siku. Kama huamini masikio yako, irekodi kwa simu uangalie mchoro wa sauti. Milima iliyo katika jozi jozi inaonekana wazi.

8. Tafuta upande wenye kosa. Simama mbele ya saa, pendulamu ikiwa imetulia kabisa. Isogeze kwa kidole polepole kushoto hadi usikie tik, kumbuka umesogea kiasi gani. Irudishe katikati, uisogeze kulia hadi usikie tak. Saa iliyokaa sawa inalia baada ya umbali ule ule pande zote mbili. Isiyokaa sawa inawahi upande mmoja.

Kanuni ni hii: upande unaowahi kulia ndio unaoinuliwa. Tia sarafu moja chini ya kitako upande huo, usikilize tena. Ongeza nyingine. Mapigo yakishapangana, umejua kosa ni kubwa kiasi gani, na saa nayo inatembea. Lakini usiiache imekaa juu ya sarafu, haipendezi na ipo siku mtu atafuta vumbi azitoe.

9. Isawazishe kutoka nyuma. Utaona skrubu mbili ndefu zinazopita kwenye ukingo wa mlango wa nyuma na kuivuta mashine na uso pamoja, zikilibana kasha katikati. Toa sarafu. Legeza kila skrubu nusu mzunguko, si zaidi, huku mkono mwingine umeshika ukingo wa uso mbele. Sasa zungusha uso mzima kidogo sana, VI ikielekea upande ule ule uliokuwa unawahi kulia. Milimita mbili zinatosha kubadilisha kila kitu. Sikiliza. Ikikaa sawa, kaza skrubu kwa zamu, moja kidogo na nyingine kidogo, na usikilize tena, maana kukaza nako huisogeza.

Ikiwa ili mapigo yapangane XII inabidi ihame katikati kwa kiasi cha kuonekana, acha. Rudisha uso wima, na marekebisho yafanyike kwenye uma: unasukumwa kidogo kuelekea upande ule ule unaowahi. Katika saa nyingi uma huu ni wa shaba laini na hukubali kupindwa, ila ushike kwa vidole viwili karibu na juu, ili nguvu isiende kwenye ekseli yake, ambayo ncha zake ni nyembamba kama sindano. Baadhi ya saa za mwishoni mwa karne zina uma unaojirekebisha: ukiizungusha pendulamu kwa upana kidogo, uma unateleza wenyewe hadi mahali pake. Ukisikia mkwaruzo mwepesi kisha mapigo yakapangana, una bahati, yako ni mojawapo.

10. Weka wakati. Sogeza mshale mrefu peke yake, mbele tu, na usubiri igonge imalize kila ufikapo VI na XII. Ukiurudisha nyuma kupita namba hizo unaweza kupinda vyuma vya mgongo. Kama saa yako iko mbele kwa dakika kumi, ni rahisi zaidi kuizima na kungoja kuliko kuizungusha masaa kumi na mawili. Dakika chache kabla ya mgongo utasikia "chak" ndogo ndani. Hilo si kosa, ni mashine inajiandaa.

11. Linganisha mgongo na mishale. Saa za zamani zaidi zina gurudumu la kuhesabu, lenye mapengo yasiyolingana, ambalo huonekana nyuma ya sahani. Linagonga kwa zamu: moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili, na moja kila nusu, jumla mapigo 90 kwa mzunguko. Halijui mishale iko wapi. Kamani ya mgongo ikiisha kabla ya ile ya mwendo, hesabu inaachana na mishale, na hapo ndipo nne inapogongwa tisa.

Dawa yake ni nyepesi. Peleka mshale mrefu hadi XII, hesabu mapigo. Kisha shika mshale mfupi karibu na kitovu chake na uuzungushe taratibu hadi namba iliyogongwa. Umeshikiliwa kwa kubana tu, utakubali. Ikigonga tisa, uweke kwenye IX. Halafu endelea mbele kwa mshale mrefu hadi wakati sahihi. Ukihisi mshale mfupi unagoma, usitumie nguvu. Nenda nyuma ya saa, tafuta mkono mwembamba unaotumbukia kwenye mapengo ya lile gurudumu, uuinue kidogo na kuuachia. Kila ukiuinua, itagonga zamu inayofuata. Rudia hadi zilingane.

Na kama wewe ni wa nyumba inayotaka saa moja igongwe mara moja, si mara saba, hakuna kinachokuzuia. Mzunguko ni wa masaa kumi na mawili; itangulize saa kwa masaa sita, mshale mfupi na mgongo pamoja, na saa moja ya asubuhi itasomeka I na kugonga moja. Mgeni wa kwanza atashangaa, wa pili utamweleza.

12. Rekebisha mwendo. Iache itembee siku moja nzima kwanza. Kisha linganisha na simu kila siku wakati ule ule, uandike. Kwa mtindo wa Brocot, ingiza kichwa kidogo cha ufunguo juu ya XII. Pembeni kuna herufi: A ni kuharakisha, R ni kuchelewesha; katika saa zilizouzwa Uingereza utakuta F na S badala yake. Kwa saa ya uzi, kuna pini inayoukunja uzi: uzi mfupi, saa mbio.

Kadiri gani? Kwa pendulamu ya milimita 120, kuibadilisha urefu kwa milimita moja tu ni dakika 6 kwa siku. Kwa hiyo robo ya mzunguko wa ufunguo ni mabadiliko ya kuonekana. Zungusha kidogo, ngoja saa 24, pima tena. Wanaoshindwa kazi hii ni wale wanaorekebisha asubuhi na jioni. Ukifika dakika moja au mbili kwa wiki, acha hapo hapo. Na usishangae ikitembea mbio zaidi siku ya kujazwa kuliko siku ya mwisho. Ndivyo kamani zilivyo. Ijaze siku moja ya wiki isiyobadilika, hata kama ukiijaza mara moja inatembea wiki mbili, na jaza matundu yote mawili.

KASHA: YA KUFANYA NI MACHACHE

Watu wanaharibu thamani ya saa hapa kuliko mahali pengine popote. Ile njano iliyofifia usoni mwa sanamu si shaba chafu inayosubiri kusuguliwa. Ni dhahabu, utando mwembamba mno, na kwa saa za zamani ulitiwa kwa zebaki na moto. Ndimu na majivu, ukwaju, dawa ya kung'arishia vitasa vya milango, vyote hivyo vinafanya kazi nzuri kwenye sinia la kahawa. Kwenye saa hii vinaiondoa dhahabu na kukuachia shaba tupu inayong'aa siku tatu, kisha inafanya kutu ya kijani.

Fanya hivi: brashi kavu kwenye mikunjo, kisha pamba iliyoloweshwa kwa maji kidogo na tone la sabuni laini, halafu pamba ya maji matupu, halafu ukaushe papo hapo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kujua kama ni shaba au zinki, tazama chini ya kitako palipokwaruzika: njano ni shaba, kijivu cha fedha ni zinki. Ya zinki usiiguse kwa maji kabisa. Rangi yake hubanduka.

Jiwe jeusi halitaki ndimu wala siki, kwa sababu ni jamii ya chokaa na asidi hulitafuna likawa la kijivu. Alabasta, lile jeupe linalopitisha mwanga, halitaki hata maji. Brashi kavu tu. Na kasha lenye magamba ya ng'amba yaliyotiwa shaba, kwa mtindo wa Boulle, liweke mbali na kiyoyozi: hewa ikikauka magamba na shaba hunyanyuka na kukatika ukipitisha kitambaa. Kwa hilo tumia brashi tu, ukifuata mwelekeo wa shaba. Ng'amba analindwa kimataifa, kwa hiyo saa ya namna hiyo usiisafirishe nje ya nchi kabla ya kuuliza kibali.

Usoni, pitisha kitambaa kikavu pembeni, lakini usisugue jina la muuzaji. Mara nyingine liliandikwa juu ya enameli bila kuchomwa sawasawa, na linatoka kwa kitambaa chenye unyevu. Likitoka halirudi.

MAFUTA

Usipulizie WD-40. Usitie mafuta ya cherehani, sembuse ya nazi. Dawa ya kopo huyayusha uchafu mkavu, ikaupeleka kwenye matundu ya ekseli, ikakauka nao. Saa itatembea wiki mbili vizuri sana, ndiyo maana watu wanaisifia, halafu uchafu ule unaanza kusaga shaba kama msasa. Mafuta ya saa hutiwa kwa sindano, tone dogo kwenye kijishimo cha kila ncha ya ekseli, baada ya mashine kufumuliwa na kuoshwa. Meno ya magurudumu hayatiwi kitu.

IKIENDELEA KUSUMBUA

Inasimama kila siku mahali pale pale. Mishale inagusana, au mrefu unagusa kioo. Tazama kwa ubavu inapopishana. Pinda mmoja kidogo nje, mwingine kidogo ndani.

Inalia tik-tak lakini mishale haiendi. Kijipini kinachoshika mshale mrefu kwenye kitovu kimelegea au hakipo. Kikiwepo na tatizo likabaki, msuguano wa ndani umelegea, hiyo ni ya fundi.

Inasimama ikianza kugonga tu. Pendulamu inakaribia kengele, na nyundo inapopiga kengele inatetemeka na kuigusa. Rudi hatua ya 5.

Inagonga kwa sauti ya mfu, "tup". Nyundo imelala juu ya waya au kengele. Inatakiwa ikitulia ibaki na nafasi ya milimita moja au mbili. Pinda kijiti cha nyundo kidogo, si waya. Waya ule ukipindwa hukatika shinani.

Inatembea vizuri siku tatu, halafu inafifia. Mafuta yameganda au kamani imechoka. Hakuna sarafu itakayosaidia.

Inakwenda mbio ajabu, saa nzima kwa siku. Pendulamu si yake, fupi mno. Angalia zile namba.

Inapiga tatatata bila kikomo hadi kamani inaisha. Nanga, kile chuma chenye mikono miwili kinacholizuia na kuliachia gurudumu la mapigo, imeachana nalo. Zuia pendulamu kwa kitambaa na usiiwashe tena.

Ufunguo unarudi nyuma ukiujaza. Kishikizo kimekufa. Usijaribu mara ya pili.

Hizi nne za mwisho, isipokuwa ile ya pendulamu, hazihitaji ujasiri, zinahitaji fundi. Usifungue skrubu zinazounganisha sahani mbili za mashine: kamani iliyojaa ikifunguliwa ghafla hukunja ekseli, hukata meno na yaweza kukata kidole pia. Ukiipeleka, mwambie fundi afumue, aoshe na kutia mafuta, na umuulize kabla ya kumwachia kama atafungua kamani ndani ya mapipa yake (visanduku vya mviringo zinamokaa) au ataiosha mashine nzima ikiwa imefungwa. Akijibu kwamba ataichovya yote ndani ya petroli kisha aipulizie, ifunge taulo lako urudi nayo nyumbani, pendulamu ikiwa mfukoni.